Namna ya Kutatua Matatizo ya Njia kwenye Seva Yenye Kadi Mbili za Mtandao

Seva yenye kadi mbili za mtandao huwa na ugonjwa wa peke yake: haizimiki yote kwa pamoja. Mhasibu aliyeketi makao makuu Dodoma mjini anafungua mfumo wa malipo bila shida yoyote, mwenzake wa tawi la Kondoa anasubiri ukurasa ambao haufunguki, na afisa aliye safarini Singida anaingia kwa simu asubuhi lakini baada ya umeme kukatika na kurudi hapati kitu tena. Kila mmoja anasema kweli, na kwa sababu hiyo lawama huzunguka: tawi linamlaumu mtoa huduma, mtoa huduma anapima laini yake na kuikuta nzima, na fundi, akikosa la kufanya, anaizima seva na kuiwasha upya, jambo ambalo mara nyingine hugeuza tatizo upande bila kuliondoa.

Mwongozo huu unahusu seva ya Linux, na umejengwa juu ya tabia moja ya keneli (kiini cha mfumo endeshi) ambayo mafundi wengi wa TEHAMA wanaijua kwa nadharia lakini huisahau pindi simu zinapoanza kulia. Keneli inapotuma jibu haijali swali liliingia kupitia kadi ipi. Inatazama anwani ya anayejibiwa, inasoma jedwali la njia, kisha inachagua kadi ya kutokea. Ni kama mgeni abishe hodi mlango wa mbele, halafu mwenyeji aende kuitikia "karibu" kwenye mlango wa uani. Kila mmoja ametimiza wajibu wake na bado hawajaonana.

Tuchukue mfano mmoja na tubaki nao mpaka mwisho.

```
eno1   192.0.2.10/24   lango 192.0.2.1   mkongo, kuelekea intaneti
eno2   10.10.1.10/24   lango 10.10.1.1   mtandao wa ndani na matawi
```

Nyuma ya lango la 10.10.1.1 kuna ruta ya ndani inayofika matawi: Kondoa ni 10.10.20.0/24, Mpwapwa ni 10.10.30.0/24 na Bahi ni 10.10.40.0/24. Ruta hiyo pia ina laini ya akiba ya redio inayotoka nje, nayo tutaihitaji baadaye. Anwani zinazoanza na 192.0.2 na 203.0.113 zimetengwa kwa ajili ya mifano katika hati ya RFC 5737 ya mwaka 2010, kwa hiyo zisinakiliwe kwenye seva halisi. Weka za kwako.

Kabla ya kugusa chochote

Anayerekebisha njia za seva kwa mbali anakata tawi alilokalia. Ikiwa seva ipo kwenye chumba kilichofungwa Mtumba, Dodoma, na wewe uko Dar es Salaam, umbali wa takribani kilomita 450 kwa barabara, amri moja iliyokosewa inaweza kukugharimu safari. Kinga yake ni rahisi. Mabadiliko yanayofanywa kwa amri ya `ip` hayaandikwi kwenye faili lolote na hufutika seva inapowashwa upya, kwa hiyo panga seva ijiwashe upya yenyewe kabla hujaanza, halafu ufute mpango huo ukishajiridhisha kwamba bado umo ndani:

```
sudo shutdown -r +10
sudo shutdown -c
```

Amri ya kwanza hutolewa kabla ya mabadiliko, ya pili baada ya kufaulu. Kwenye seva ambayo haiwezi kuzimwa saa za kazi, fanya shughuli hii jioni. Hifadhi pia hali ilivyo sasa katika faili moja, maana baada ya nusu saa ya kujaribu hili na lile hakuna anayekumbuka kwa hakika kilichokuwepo mwanzo:

```
(ip addr; ip rule; ip route show table all) > ~/hali-ya-awali.txt
```

Waya kwanza

Hatua hii haihitaji maneno mengi. Andika `ip -br link` na uhakikishe kadi zote mbili zimeandikwa UP. Ukiona NO-CARRIER, waya umetoka au swichi imekufa, na jedwali la njia halina kosa. Amri ya `ip -s link` huonyesha hesabu ya makosa, na hesabu inayopanda unapoitazama ni dalili ya waya mbovu au tundu lililojaa vumbi, jambo la kawaida kwa vyumba vya seva vya Dodoma wakati wa kiangazi ambapo dirisha huachwa wazi ili kupunguza joto. Kama huna hakika tundu lipi nyuma ya mashine ni eno1, `sudo ethtool -p eno1 15` itaiwasha na kuizima taa ya tundu hilo kwa sekunde kumi na tano. Inafaa sana pale mtu wa usafi au fundi umeme alipochomoa nyaya zote mbili na kuzirudisha kwa kukisia.

Muulize keneli mwenyewe

Kosa ninaloliona mara kwa mara kwa mafundi ni kusoma jedwali la njia kwa macho na kukisia keneli itaamua nini. Hakuna haja ya kukisia, kwa sababu keneli hujibu ikiulizwa:

```
ip route get 10.10.20.15
10.10.20.15 via 192.0.2.1 dev eno1 src 192.0.2.10 uid 1000
```

Anwani iliyoulizwa ni ya kompyuta ya tawi la Kondoa. Jibu linasema pakiti ya kwenda Kondoa itapitia 192.0.2.1, yaani kwenye mkongo kuelekea intaneti. Anwani za 10 ni za ndani na hazisafirishwi kwenye intaneti ya umma, kwa hiyo jibu hilo litatupwa njiani na mtu wa Kondoa ataendelea kusubiri. Mhasibu wa Dodoma mjini yeye hapati shida, kwa kuwa kompyuta yake ipo ndani ya 10.10.1.0/24, mtandao ambao eno2 imeungana nao moja kwa moja. Tofauti kati ya watu hao wawili, iliyoonekana kama maajabu, imeelezwa na mstari mmoja.

Sababu ni kwamba seva ina njia ya jumla, ile inayoandikwa `default`, kupitia eno1 peke yake, na hakuna aliyeifundisha kwamba matawi yapo upande wa eno2. Dawa yake ni mstari mmoja tu:

```
sudo ip route add 10.10.0.0/16 via 10.10.1.1 dev eno2
```

Njia iliyo mahususi zaidi hushinda iliyo pana, kwa hiyo 10.10.0.0/16 itaishinda `default` kwa anwani zote za matawi, likiwemo tawi litakalofunguliwa mwakani, ilimradi lipewe anwani za safu hiyohiyo. Ikiwa mashine ilihamishwa kutoka ofisi ya Dar es Salaam wakati wa kuhamia makao makuu, soma matokeo ya `ip route` mstari kwa mstari: njia za mkono zilizoelekezwa kwenye lango la ofisi ya zamani huwa zinasafiri pamoja na mashine, na njia mahususi iliyopitwa na wakati itaishinda ile sahihi uliyoiongeza leo.

Dawa inayoleta ugonjwa wa pili

Fundi mwenye haraka hafanyi hivyo. Yeye hufungua mipangilio ya eno2, anakuta nafasi ya lango iko tupu, anajaza 10.10.1.1, na tazama, Kondoa inafanya kazi. Anafunga kazi na kuondoka. Alichokiacha nyuma ni hiki:

```
default via 10.10.1.1 dev eno2 proto static metric 100
default via 192.0.2.1 dev eno1 proto static metric 101
```

Seva sasa ina njia mbili za jumla, na watu wengi hudhani kwamba kuwa nazo mbili ni kuwa na akiba. Sivyo. Keneli hutumia ile yenye metriki (namba ya kupanga njia kwa kipaumbele) ndogo kwa kila kitu, na ya pili hukaa bure mpaka ya kwanza iondolewe kwenye jedwali. Tena kuondolewa huko hakutokei mkongo unapokatika kilomita kadhaa kutoka ofisini. Waya kati ya seva na ruta ukiwa mzima, keneli inaona kila kitu kiko sawa. Mahali ambapo metriki hutolewa na NetworkManager, programu inayosimamia kadi za mtandao, kwa mfuatano, kadi iliyotangulia kuamka ndiyo inayopata namba ndogo. Hapo ndipo lilipo fumbo la yule afisa wa Singida: umeme ulipokatika na kurudi, kadi ziliamka kwa mpangilio tofauti, na njia ya jumla ikahamia upande wa pili bila mtu yeyote kubadilisha kitu.

Kanuni ya kushika ni kwamba jedwali kuu liwe na njia moja ya jumla. Iondoe ya ziada kwa `sudo ip route del default via 10.10.1.1 dev eno2`, uhakikishe njia ya 10.10.0.0/16 ipo, kisha uzuie kadi ya ndani isijipe tena cheo hicho. Kwenye NetworkManager kazi hiyo hufanywa na `nmcli con mod eno2 ipv4.never-default yes`, ambapo eno2 ni jina la muunganisho wako. Kwa ofisi nyingi zenye kadi moja ya nje na moja ya ndani, kazi inaishia hapa.

Pakiti inapoingia huku na kutokea kule

Kazi haiishi hapa ikiwa kadi zote mbili hupokea watu wa nje. Katika mfano wetu, mkongo ukikatika, watumiaji wa nje huelekezwa kwenye laini ya redio. Ruta ya ndani inapokea maombi yao na kuyasukuma kwenye 10.10.1.10 bila kubadilisha anwani ya mwombaji. Laini ya redio imepimwa na ni nzima, ruta inaonyesha maombi yanapita, lakini hakuna anayefunguliwa. Hapa ndipo tcpdump, programu ya kunasa na kuonyesha pakiti, inapostahili nafasi yake:

```
sudo tcpdump -ni any tcp port 443 and host 203.0.113.45

14:22:07.318842 eno2  In  IP 203.0.113.45.51844 > 10.10.1.10.443: Flags [S]
14:22:07.318901 eno1  Out IP 10.10.1.10.443 > 203.0.113.45.51844: Flags [S.]
14:22:08.341275 eno2  In  IP 203.0.113.45.51844 > 10.10.1.10.443: Flags [S]
14:22:08.341311 eno1  Out IP 10.10.1.10.443 > 203.0.113.45.51844: Flags [S.]
```

Safu ya jina la kadi na mwelekeo hupatikana kwenye tcpdump kuanzia toleo la 4.99, kwenye toleo la zamani itabidi ufungue madirisha mawili, moja kwa kila kadi. Soma mstari wa kwanza na wa pili kwa pamoja. Ombi limeingia kwa eno2. Jibu limetoka kwa eno1, likibeba anwani ya ndani kama mtumaji, na upande wa mkongo hakuna ruta yenye akili timamu itakayolipitisha. Baada ya takribani sekunde moja mwombaji, ambaye hajasikia lolote, anarudia ombi lilelile kutoka namba ileile ya mlango wa programu (port), 51844. Mrudio huo ndio uthibitisho kwamba jibu halikumfikia.

Kuna uwezekano wa pili ambao huwachanganya hata wazoefu: unaona mistari ya `In` tu, na hakuna `Out` hata moja. Usikimbilie kuilaumu programu. tcpdump hunasa pakiti kabla keneli haijaamua kuikubali au kuitupa, na mtupaji mkubwa katika seva za kadi mbili ni kichujio kiitwacho `rp_filter`. Kichujio hiki huuliza: kama ningetaka kumjibu huyu, je, ningetumia kadi hii aliyoingilia? Jibu likiwa hapana, pakiti inatupwa kimyakimya. Thamani 0 hukizima, 1 ni ukali kamili, na 2 ni ulegevu, yaani inatosha mwombaji awe anafikika kupitia kadi yoyote.

```
sysctl net.ipv4.conf.all.rp_filter net.ipv4.conf.eno2.rp_filter
nstat -az | grep ReversePath
ip route get 10.10.1.10 from 203.0.113.45 iif eno2
```

Kati ya thamani ya `all` na ile ya kadi, keneli hutumia iliyo kubwa, kwa hiyo kuweka 0 kwenye eno2 huku `all` ikiwa 1 hakubadilishi kitu. Watu wamepoteza mchana mzima hapo. Amri ya pili huonyesha hesabu ya pakiti zilizotupwa na kichujio, na ikipanda kila mtu wa nje anapojaribu, umempata mhusika. Amri ya tatu inaigiza pakiti inayoingia, na ikijibu `Invalid cross-device link` maana yake ni hiyohiyo. Ikiwa hesabu haipandi, geukia ngome (firewall) ya seva kwa `sudo nft list ruleset`, kisha `ss -ltn` kuona kama programu inasikiliza kweli kwenye anwani hiyo.

Wengi wakifika hapa huzima `rp_filter` na kutangaza ushindi. Kuizima kunaruhusu ombi liingie, lakini jibu bado litatoka kwa eno1, na utakuwa umetoka kwenye picha ya `In` pekee na kuingia kwenye ile ya kwanza. Tiba ya kweli ni kuipa keneli sababu ya kuangalia anwani ya mtumaji wa jibu, pamoja na ile ya mpokeaji. Hilo hufanywa kwa jedwali la pili na kanuni moja:

```
sudo ip route add 10.10.1.0/24 dev eno2 table 102
sudo ip route add default via 10.10.1.1 dev eno2 table 102
sudo ip rule add from 10.10.1.10 table 102 priority 1002
```

Kanuni inasema: jibu lolote linalotoka na anwani 10.10.1.10 lisome jedwali la 102. Namba ya jedwali ni ya kuchagua, ilimradi usiguse 253, 254 na 255 ambazo keneli inazitumia yenyewe. Namba ya kipaumbele iwe ndogo kuliko 32766, kipaumbele cha jedwali kuu, ili kanuni yako isomwe kwanza. Mstari wa kwanza huonekana wa ziada na ndio unaosahauliwa. Bila huo, jibu la kompyuta iliyo chumba cha jirani litapelekwa kwenye ruta badala ya kwenda moja kwa moja, na ruta inayofuatilia miunganisho, ikiona jibu la ombi ambalo haikuliona, inaweza kulikataa. Hapo utakuwa umemponya mtu wa nje na kumkata mhasibu.

Rudia swali kwa keneli, safari hii ukitaja mtumaji:

```
ip route get 203.0.113.45 from 10.10.1.10
203.0.113.45 from 10.10.1.10 via 10.10.1.1 dev eno2 table 102 uid 1000
```

Faida nyingine ni kwamba `rp_filter` inapokagua nayo husoma kanuni hizi, kwa kuwa inaulizia njia ya kutoka 10.10.1.10 kurudi kwa mwombaji. Baada ya kanuni kuwekwa, kichujio kinaweza kubaki kwenye 1 na kila kitu kikapita.

Yanayofanana na tatizo la njia

Huduma za UDP, zinazotuma pakiti bila kufungua muunganisho kwanza, zina ukaidi wao. Programu inayosikiliza kwenye anwani zote huenda ikajibu bila kutaja anwani iliyoulizwa, na keneli ikaichagulia mtumaji kulingana na jedwali kuu. Kanuni ya `from` haipati nafasi ya kufanya kazi, kwa sababu wakati njia inachaguliwa mtumaji bado hajulikani. OpenVPN ina kipengele cha `multihome` kwa ajili hiyo hasa. Kwa nyingine, ifunge programu kwenye anwani moja maalumu.

Kadi mbili zikiwekwa ndani ya mtandao mmoja, mathalani zote katika 10.10.1.0/24 kwa matumaini ya kupata kasi maradufu, Linux kwa kawaida hujibu maswali ya ARP (yanayouliza anwani fulani iko kwenye kadi ipi) ya anwani yoyote kupitia kadi yoyote, na swichi hubaki kurukaruka. Kuna namna ya kuidhibiti kwa `arp_ignore` na `arp_announce`, lakini ushauri wangu ni usiende huko: ukitaka akiba ya waya, ziunganishe kadi hizo mbili kwa bondi, zifanye kazi kama kadi moja, na uzipe anwani moja.

Na ikiwa pingi inapita, kuingia kwa SSH kunakubali, lakini ukurasa mzito au faili kubwa linakwama palepale kila mara, njia ni nzima. Chunguza ukubwa wa pakiti kwa `ping -M do -s 1472`, hasa kama matawi yameunganishwa kwa handaki la VPN.

Kuyafanya yadumu

Ukiridhika, hamishia yote kwenye faili la mipangilio. Kwa Ubuntu inayotumia Netplan:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    eno1:
      addresses: [192.0.2.10/24]
      routes:
        - to: default
          via: 192.0.2.1
    eno2:
      addresses: [10.10.1.10/24]
      routes:
        - to: 10.10.0.0/16
          via: 10.10.1.1
        - to: 10.10.1.0/24
          scope: link
          table: 102
        - to: default
          via: 10.10.1.1
          table: 102
      routing-policy:
        - from: 10.10.1.10
          table: 102
          priority: 1002
```

Tumia `sudo netplan try` badala ya `netplan apply`. Hiyo husubiri uthibitisho wako kwa sekunde 120, na usipothibitisha hurudisha mipangilio ya zamani. Kisha izime seva na kuiwasha upya mchana kweupe watu wakiwa wamejulishwa, ulinganishe matokeo na faili la `hali-ya-awali.txt`, na ujaribu kutoka sehemu tatu: kompyuta ya makao makuu, kompyuta ya tawi, na simu inayotumia data yake yenyewe nje ya mtandao wa ofisi. Jaribio la simu lifanyike mara mbili, mara ya pili waya wa eno1 ukiwa umechomolewa na watumiaji wakiwa wameelekezwa kwenye laini ya redio.